Duara na Mstari: Ngoma za Nyanza Kusini Mbele ya Kamera ya Filamu na ya Televisheni ya Awali

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki umezoea kuilaumu kalamu. Tangu mjadala wa mwaka 1968 jijini Nairobi, ambapo Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwe kitovu cha masomo ya chuo, imesemwa mara nyingi kwamba maandishi huukausha wimbo. Maneno hubaki, ilhali sauti, mwili na hadhira hupotea. Kwa mujibu wa hoja hiyo, kamera ilistahili kupokelewa kama mkombozi: kile ambacho kalamu ilishindwa kukihifadhi, filamu ingekihifadhi kikamilifu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo ina walakini. Kwa kutumia mfano wa ngoma za eneo lililojulikana zamani kama Nyanza Kusini, ambalo leo limo katika kaunti za Homa Bay na Migori, inadaiwa hapa kwamba filamu ya ngoma si nakala ya ngoma. Ni tungo jingine, lenye mtunzi wake, kanuni zake na hadhira yake. Mtafiti anayeichukua filamu kama ushahidi mtupu wa utendaji hurudia kosa lile lile la mkusanyaji wa maandishi, tofauti ikiwa kwamba kosa lake ni gumu zaidi kugunduliwa kwa kuwa picha hutembea na kuimba.

Ngoma kabla ya kamera

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba maana tatu kwa pamoja: ala inayopigwa, mchezo unaochezwa, na mkusanyiko wa watu waliokuja kwa ajili ya mchezo huo. Mzungumzaji hahitaji kuzitenganisha. Kwa Wajaluo, neno thum hutaja ala ya nyuzi na pia muziki wake, na fanani huitwa jathum. Lugha hizi mbili, ingawa ni za jamii tofauti, zinakubaliana juu ya jambo moja la msingi: utendaji hauvunjwi vipande. Kamera, kwa umbile lake, haina budi kuuvunja.

Mfano wa kwanza ni nyatiti. Ala hii ina nyuzi nane, na jathum huipiga akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi. Mikono huchuma nyuzi. Kidole cha mguu huvaa pete ya chuma inayogongwa kwenye ukingo wa ala. Njuga zilizofungwa mguuni hutikisika. Na kinywa huimba. Kwa hiyo mwili mmoja hufanya kazi ya wanamuziki wanne. Juu ya hayo, kuna mtendaji wa tano asiyeshika ala yoyote. Huyu ni msikilizaji anayetoa fedha, akausimamisha wimbo, akajisifu yeye mwenyewe, rafiki zake na ukoo wake kabla ya kumruhusu jathum kuendelea. Majigambo haya, yaitwayo pakruok, si kelele za pembeni. Ni sehemu ya muundo wa utungo, kwani jathum hulazimika kuyafuma majina na sifa zilizotajwa ndani ya beti zinazofuata.

Mfano wa pili ni dodo, ngoma ya wanawake iliyoambatana na arusi na karamu za pombe. Humo kiongozi huanzisha na wenzake huitikia, huku mabega na viuno vikifuata mdundo. Maneno ya dodo kwa kawaida yaliwahusu watu wa pale pale: mume mvivu, jirani mchoyo, mgeni aliyekuja na heshima. Ohangla nayo, yenye jina la ngoma zake zilizowambwa kwa ngozi ya kenge, ilikuwa na makao yake katika karamu na matanga, na lugha yake haikujali sana haya. Upande wa Migori unaopakana na Tanzania, Wakuria walikuwa na litungu, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, na wachezaji waliovaa viatu virefu vya mbao. Uzito wa viatu hivyo hubadilisha namna mwili unavyoinuka na kushuka, na mshindo wake ardhini huingia katika muziki.

Ngoma zote hizi zilichezwa katika uwanja wa boma, watu wakiwa pande zote. Hapakuwa na mbele wala nyuma. Aliyetazama sasa angeweza kucheza baada ya muda mfupi, na aliyeimbwa alikuwapo kujibu.

Kamera na mwili: mikondo miwili

Ngoma ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa picha zinazotembea. Mwaka 1894, katika studio ya Thomas Edison huko New Jersey, wachezaji wa jamii ya Sioux waliokuwa katika maonyesho ya Buffalo Bill walicheza mbele ya kamera ndani ya chumba kidogo cheusi. Ngoma iliyokuwa ya watu wengi uwandani ilibanwa ikawa ya watu wachache chumbani, na ikadumu kwa sekunde chache tu kwa sababu urefu wa ukanda wa filamu haukuruhusu zaidi. Mwaka 1898, Alfred Haddon alipiga picha za ngoma katika visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia. Ibada iliyohusika ilikuwa imekwisha kukomeshwa na wamisionari, na wachezaji walitengeneza vinyago vya karatasi ngumu kwa ajili ya upigaji picha huo. Kwa hiyo filamu ya kwanza ya kiethnografia iliyopigwa nyanjani ilikuwa ya tendo lililofufuliwa kwa ajili ya kamera.

Mfano huo wa pili unafaa kuzingatiwa na wachunguzi wa Nyanza Kusini. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kwa muumini mpya, ngoma za pombe na za matanga zilikuwa miongoni mwa mambo ya kuachwa. Kwa hiyo katika eneo hili pia kamera ilifika baada ya misheni. Mtu anayeangalia picha za ngoma kutoka eneo hili hana budi kuuliza ni akina nani walioendelea kucheza, akina nani walioacha, na ni nani aliyewaita waliocheza siku ile.

Katika miaka ya 1930, sinema ya Marekani ilizaa mikondo miwili ya kuipiga picha ngoma. Busby Berkeley, kwa mfano katika filamu ya 42nd Street ya mwaka 1933, aliipandisha kamera juu na kuigeuza miili kuwa maumbo. Mchezaji mmoja mmoja alipotea, na mchezaji halisi akawa ni kamera. Fred Astaire alishikilia msimamo wa kinyume. Alitaka mwili mzima uonekane kutoka kichwani hadi miguuni, na picha isikatwe ovyo, ili mtazamaji aamini kwamba alichokiona kilitendeka. Mgogoro huu si wa Hollywood peke yake. Kila anayesimamisha kamera mbele ya jathum anakabiliwa nao. Akiusogeza uso wa jathum karibu, anaipoteza pete ya kidole cha mguu, yaani anaupoteza mdundo. Akirudi nyuma kiasi cha kuuona mwili wote, anaipata ala lakini haoni vidole. Na katika hali zote mbili, mtoa fedha aliyeko nyuma ya kamera hayumo.

Nadharia ya kikoloni kuhusu mtazamaji Mwafrika

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, chini ya uongozi wa Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, Kenya ikiwemo. Filamu hizo zilihusu kilimo, afya, posta na benki ya akiba. Sauti yake ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kwa somo la mbolea, mtambo huo ungeweza kutosha. Kwa ngoma, ambamo mguu na mshindo ni kitu kimoja, kuitenga sauti na picha ni kuitenga ngoma na nafsi yake.

Baadaye, Idara ya Filamu za Makoloni iliyoundwa mwaka 1939 iliongozwa na nadharia ya William Sellers. Sellers aliamini kwamba mtazamaji Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka. Kwa hiyo alielekeza kwamba matukio yaendelee kwa mwendo wa polepole, picha zisiwe na hila, na jambo moja lionyeshwe kikamilifu kabla ya kuhamia jingine. Nadharia hii imeshutumiwa, na kwa haki, kwa dharau iliyomo ndani yake: ilimwona mtu mzima kama mtoto asiye na uwezo wa kusoma picha.

Hata hivyo, kuna kinaya ambacho hakijapewa uzito wa kutosha. Kanuni zile za Sellers, yaani picha ndefu isiyokatwa, mwendo usioharakishwa na tendo linaloachwa likamilike, ndizo zilizofaa hasa kuipiga picha ngoma. Ni kanuni zinazokaribiana na zile ambazo Astaire alizidai kwa heshima ya mchezaji, na ambazo Jean Rouch alizitumia mwaka 1971 katika filamu ya Tourou et Bitti, iliyopigwa Niger karibu yote kwa mkupuo mmoja, kamera ikitembea miongoni mwa wapiga ngoma kana kwamba nayo ni mshiriki. Dola ya kikoloni ilikuwa na mbinu iliyoweza kuihifadhi dodo nzima, kuanzia mwito wa kwanza hadi kiitikio cha mwisho. Iliitumia kufundisha uchimbaji wa vyoo. Kosa lake halikuwa la mbinu tu. Lilikuwa la kuamua ni nini kinachostahili muda.

Televisheni ya awali na jukwaa la taifa

Televisheni nayo ilianza na ngoma. Miongoni mwa vipande vya kale zaidi vya matangazo ya televisheni vilivyosalia ni onyesho la wasichana wachezaji lililotangazwa London mwezi Aprili 1933 kwa mtambo wa John Logie Baird na kurekodiwa nyumbani kwenye sahani. Picha ya mtambo huo ilikuwa na mistari 30 tu, na fremu yake ilisimama wima kama mlango mwembamba. Fremu hiyo iliutosha mwili mmoja uliosimama, na wachezaji walipangwa ili watoshee humo. Baadaye fremu ya televisheni ililala, ikawa pana kuliko urefu wake. Katika hatua zote mbili, umbo la kioo ndilo lililoamua mpangilio wa miili. Duara halikutoshea katika lolote.

Nchini Kenya, televisheni ilianza mwaka 1962. Mwaka 1964 utangazaji uliwekwa chini ya serikali kwa jina la Sauti ya Kenya. Picha za rangi zilianza mwaka 1978, na hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 wananchi hawakuwa na kituo kingine cha nchini. Kwa wakazi wengi wa vijiji vya Nyanza Kusini, ambako umeme ulikuwa haba, televisheni ilikuwa kitu cha mjini. Ngoma yao iliweza kuonekana Nairobi bila wao wenyewe kuiona ilivyoonekana. Hali hii ni ya pekee katika historia ya ngoma zao: kwa mara ya kwanza, waliocheza na waliotazama hawakuwa na njia ya kujibizana.

Mahali ambapo ngoma za mikoani zilionekana zaidi katika televisheni ni sikukuu za taifa. Kikundi kilichosafiri kutoka Homa Bay au Migori kwenda kutumbuiza kilikabiliwa na masharti matatu. La kwanza ni muda: tendo lililoweza kuchukua usiku mzima lilipewa dakika chache. La pili ni mwelekeo: wachezaji walimwelekea mgeni wa heshima, na kamera ilikaa upande wa mgeni huyo. Duara likafunguka, likawa nusu duara, kisha mstari. La tatu ni maneno. Dodo iliyokuwa na ruhusa ya kumkemea jirani kwa jina haikuwa na ruhusa ya kumkemea mtu yeyote mbele ya jukwaa kuu, aghalabu ilisifu. Fani ilibaki kwa sura, maudhui yakageuzwa.

Mabadiliko haya hayakuletwa na kamera peke yake. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo asili yake ni mwaka 1927, liliweka jukwaa, saa na mwamuzi. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, iliwafundisha wachezaji wa kulipwa ngoma za jamii mbalimbali, ili mtalii azione nyingi katika alasiri moja. Kamera ya televisheni ilikutana na ngoma iliyokwisha kupangwa mstari, ikaupokea mstari huo na kuusambaza kama ndiyo asili. Kinachozua tatizo la kiuhakiki ni hatua iliyofuata: mwalimu wa shule aliyetafuta mfano wa dodo kwa ajili ya wanafunzi wake aliweza kuukuta mfano huo katika onyesho la jukwaani. Nakala ikawa kielelezo cha asili yake.

Kilichoondoka nje ya fremu

Mfano wa wazi zaidi wa utendaji usiotoshea katika fremu ni tero buru. Katika desturi ya Wajaluo, kifo cha mtu mzima mwenye heshima huandamana na tendo hili, ambamo wanaume na ng'ombe hutoka bomani kwa mbio, pembe na ngoma zikilia, mikuki na marungu yakiinuliwa, kukifukuza kifo hadi mbali na makazi, kisha hurejea. Uwanja wake si boma tu, bali ni nchi yote iliyo kati ya boma na mahali kifo kinapoachwa. Ni maigizo, ni ngoma, ni ibada, na ni safari.

Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa kisiwani Rusinga, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Ni mazishi yaliyofuatwa na macho ya taifa zima na ya ulimwengu, kutoka Nairobi hadi ziwani. Kwa kawaida yake, kamera ya habari hufuata jeneza na wageni mashuhuri. Tero buru huliacha jeneza na kwenda upande mwingine. Pande hizi mbili zinapokinzana, sarufi ya habari haina nafasi kwa ile ya pili, isipokuwa kama fujo ya umati. Mhakiki anayetazama picha za habari za mazishi ya viongozi wa eneo hili hana budi kukumbuka kwamba mtu anayeonekana akikimbia na kupita mbele ya kamera kwa nukta moja huenda ndiye mtendaji mkuu, na kwamba wanaoonekana kwa dakika nzima huenda ndio watazamaji.

Pingamizi na jibu lake

Inaweza kujibiwa kwamba hoja hii inaionea kamera. Bila ya picha, mjukuu wa mchezaji wa litungu asingejua kabisa jinsi viatu vya mbao vilivyoinuliwa. Pingamizi hili lina nguvu, na kuna ushahidi wa kulithibitisha. Katika miaka ya 1960, Gerhard Kubik alitumia filamu isiyo na sauti ya wapiga marimba wa Msumbiji kuandika noti zao, kwa kuzisoma fremu moja baada ya nyingine. Mwaka 1973, Andrew Tracey na Gei Zantzinger walipiga filamu za ngoma za Wachopi, huko huko Msumbiji, kwa kuufuata mpangilio wa utungo wenyewe, sehemu kwa sehemu. Katika kazi hizi kamera ilimtumikia fanani kwa kuwa aliyeishika alikuwa amekwisha kuielewa ngoma.

Lakini mifano hiyo inaitia nguvu hoja ya msingi badala ya kuidhoofisha. Inaonyesha kwamba thamani ya filamu haitokani na mashine bali na usomaji uliotangulia. Kinyume chake ni mradi wa Alan Lomax wa kulinganisha ngoma za dunia, uliotumia filamu zilizopigwa na watu mbalimbali kwa malengo mbalimbali ili kupima mienendo ya miili ya jamii nzima nzima. Pale ambapo mpigapicha aliamua kukata miguu, jamii iliweza kuonekana kama isiyotumia miguu.

Okot p'Bitek, aliyewahi kufanya kazi Kisumu na kuandaa tamasha la sanaa huko mwishoni mwa miaka ya 1960, alikwisha kulitambua suala hili katika Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino anapoitetea ngoma ya Waacholi, hatetei mitindo ya miguu. Anatetea uwanja ulio wazi ambamo kila mtu anaonekana na kila mtu anajulikana. Kwa maneno mengine, anatetea duara.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, filamu au ukanda wowote wa televisheni unaohusu ngoma usomwe kama matini yenye mtunzi. Aulizwe kamera ilisimama wapi, picha ilikatwa wapi, na ni nani anayesimama pembeni ya fremu. Pili, maneno ya nyimbo yalinganishwe na mahali yalipoimbiwa, kwa kuwa dodo ya jukwaani na dodo ya karamu ni tanzu mbili zinazoshiriki jina moja. Tatu, nakala za picha za zamani zilizomo katika hifadhi za Nairobi na Ulaya zirejeshwe zitazamwe Homa Bay, Migori na visiwani, ambako makumbusho ya jamii ya Abasuba kisiwani Mfangano imeonyesha kwamba urithi unaweza kutunzwa karibu na wenyewe. Urejeshaji huo si ukarimu. Ni hatua ya utafiti, kwa kuwa wazee waliocheza ndio pekee wanaoweza kusema ni nani aliyeimbwa, kwa kosa gani, na alijibu nini.

Haja hii haikupungua kwa kuenea kwa simu zenye kamera. Ohangla, ambayo wanamuziki kama Tony Nyadundo waliieneza upya katika miaka ya 2000, sasa hurekodiwa katika matanga na watu kumi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa upande wake wa uwanja. Kwa bahati, kamera hizo kumi zimelizunguka duara kwa mara nyingine. Hazitafaa kitu ikiwa mhakiki ataichagua moja tu kati yake na kuiita ngoma.